Wifi Aliyezunguka Ndani ya Waya

Usiku wa jana niliota kinanda kipya cha kwaya kimekataa kuniamkia.

Nieleze kidogo kwanza, msije mkaniacha njiani. Kinanda chetu cha zamani pale kanisani, kile cha kukanyaga kwa miguu, panya walikula mifuko yake ya upepo. Mimi ndiye niliyekuwa nikikipiga tangu usichana wangu. Basi Kajiru, mwalimu wa kwaya, akaenda mjini akaja na kitu kingine: kibao chembamba chenye vitufe vyeupe na vyeusi, juu yake vibonyezo vya mpira vya mraba, na pembeni vishikizo vya kuzungusha kama vya redio. Kinaitwa kontrola ya midi. Chenyewe hakina sauti hata kidogo. Kinatoa amri tu, na sauti zinakaa kwenye kisanduku kingine. Kimekuja na kioo kidogo, ukubwa wa kiberiti, ambacho kinaunganishwa kwa nyaya nne ili kikuonyeshe unachokifanya. Kajiru aliniachia vyote mezani akaniomba nivizoee kabla ya Jumapili. Nikavifunika kwa kitambaa nilichofuma mwenyewe, nikasali, nikalala.

Sasa ndoto.

Ni asubuhi, niko mezani kwangu. Kitambaa kimekunjwa vizuri pembeni, na si mimi niliyekikunja. Kibao ananitazama. Kioo ananitazama. Nami nawatazama.

Mimi nilikuwa nangoja shikamoo yangu. Kitu kilichotoka kiwandani juzi hakiwezi kukaa kikingoja nikianze mimi. Nikavuta ungo, nikachambua maharage yote ya makande. Nilipomaliza nikayachanganya tena na mawe yake, nikachambua upya. Kibao kimya. Kioo giza.

Mwishowe nikasikia mkono wa gauni unavutwa. Ni waya mmoja, mwembamba kama uzi wa kushonea. Akaniambia kwa adabu kwamba wale wawili hawana kiburi, ila hawajaunganishwa, na kwamba yeye na wenzake watatu ndio wa kazi hiyo, kila mmoja na haja yake.

Wa kwanza alitaka umeme, huyo hakuwa na shida. Wa pili alikuwa waya wa ardhi, akataka ardhi. Nikatoka nikamletea udongo mwekundu wa kwenye migomba, ndani ya kikombe kilichovunjika mkono. Akauonja. Akasema umepungukiwa samadi lakini utafaa. Wa tatu alikuwa waya wa saa. Nikamfunga kwenye saa ya ukutani, akaanza kutikisa kichwa pamoja nayo, tik, tik, akionekana ameridhika sana. Wa nne alikuwa waya wa habari, na huyo ndiye aliyenichosha, maana hakukubali kuambiwa njema tu. Nikampa habari za nyumbani, za ng'ombe aliyezaa dume tena, za kikohozi cha jirani, za bei ya chumvi, mpaka akajaa, akanenepa, akaniomba niishie hapo.

Kioo bado giza.

Waya wa kwanza akaninong'oneza kwamba Kioo haitiki mpaka aitwe kwa mahali anapokaa. Ndivyo walivyo hao, ukikosea makazi utaita mpaka kesho.

Nikakohoa, nikaita: "Wewe unayekaa kwa Namkunda, mezani, upande wa dirisha linaloangalia korongo."

Kioo akawaka. Maandishi ya buluu yakapita, madogo, yamepangika kama sisimizi njiani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Huyu mwenzangu naye anakuamkia, ila hana mdomo. Mimi ndiye mshenga wake. Akitaka jambo, nalisema mimi. Ukimkosea, utaniona mimi nakunja uso."

Nikaona huo ni utaratibu mzuri. Hata posa yangu mimi ilisemwa na mtu mwingine kabisa, na bwana harusi alikaa pale nje akikata kucha.

Kioo akaniuliza ninataka amri za Kibao ziende kwa nani. Kabla sijajibu, meza ikarefuka. Ikaendelea kurefuka mpaka ikawa korido ya gesti, ile yenye sakafu ya kupakwa dawa nyekundu, na milango kumi na sita, minane huku na minane huku. Kioo akawa anang'aa juu ya ukuta mbele yangu kama namba ya basi. Nikabisha hodi mlango wa karibu. Hakuna aliyejibu, na ndani nawasikia wanakohoa.

Kioo akanieleza kwamba kila mlango unasikia namba yake tu. Ukisema hodi bila namba, wote wanadhani ni ya jirani. Nikarudia: hodi, mlango wa kwanza. Filimbi akafungua, amevaa taulo, akasema karibu, akafunga. Hodi, mlango wa pili. Fidla watatu wanacheza bao, hawakunyanyua vichwa. Ngoma zote nilizikuta chumba cha kumi, zimebanana kitanda kimoja, kubwa na ndogo. Nikauliza mbona vyumba vingine vina nafasi. Zikasema wao ni wa kumi, wamekuwa wa kumi siku zote, na hawajawahi kusikia ngoma ya maana iliyolala kwingine.

"Na jambo moja," akasema Kioo, akipunguza mwanga wake. "Huo mlango wa kwanza, wenyewe kwa ndani wanauita sifuri. Usiwaambie ni mimi niliyekuambia."

Nikaahidi.

Halafu Kioo akasema tufike kwenye kujifunza. Yeye atatulia kabisa, na kitu cha kwanza kitakachosogea mbele yake atakishika, akiweke kwenye kibonyezo. Tangu hapo nikikibonyeza, kitu hicho kitakuja. Nikanyoosha kidole ili nibonyeze noti ya do, kama mtu mwenye akili.

Hapo mlango wa kumi na mbili ukafunguka, akaingia Naelijwa na bakuli la makande.

Naelijwa ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Anakaa ng'ambo ya korongo, na tumezeeka tukitazamana madirisha. Mwanamke huyo ana kicheko ambacho ng'ombe wa Usangi nzima wanakijua. Akicheka kwake, mimi kwangu nafunika maziwa, maana najua yuko njiani anakuja kunisimulia.

Akatazama Kibao, akatazama Kioo, akatazama mkono wangu uliokuwa hewani.

"Kaka yangu aliposema anaoa," akasema, "tulidhani analeta mpishi. Kumbe alileta vidole."

Nikamwambia vidole hivyo ndivyo vilivyomfundisha kuimba, maana alipokuja kwaya mara ya kwanza alikuwa anaita mbuzi tu.

Akacheka.

"Nimeshika," akasema Kioo.

Na kweli, pale kwenye kioo kukaandikwa: KIBONYEZO CHA TATU, KICHEKO. Nikataka kufuta, nikaelezwa kwamba kufuta kuna njia yake ndefu, basi nikajaribu kwanza. Nabonyeza polepole, Naelijwa anatoa kicheko kidogo cha puani, cha kanisani. Nabonyeza kwa nguvu, anatoa kile kikubwa, cha sherehe, mpaka bakuli linatikisika. Nainua kidole, ananyamaza. Yeye mwenyewe alifurahi kupita kiasi. Akataka kujaribu kujibonyeza, akajibonyeza, akacheka, akasema laiti angekuwa na kitu hiki siku ile ya mkutano wa wazee wa kanisa. Fidla wakaacha bao wakaja kutazama. Ngoma ya chumba cha kumi, ile kubwa, ikaniuliza kwa siri kama huyu mama ameshaposwa.

Hata sasa nikikumbuka, hapo ndipo palikuwa patamu. Kosa langu lilifuata.

Palikuwa na waya mmoja uliobaki, mnene, wenye meno matano kila upande. Kibao ana matundu mawili mgongoni, moja limeandikwa Kutoka, jingine Kuingia. Kioo akaniagiza: upande mmoja uchomeke Kutoka, upande wa pili kwenye kisanduku cha sauti. Nikachomeka ule wa kwanza. Ule wa pili nikabaki nao mkononi, nikaona jambo hili halijakaa vizuri. Unamtoa mtu kwako, unamwambia nenda, halafu njia ya kurudi hujamwekea?

Sisi kwetu hatuagani hivyo. Naelijwa akija kwangu, akiaga namsindikiza mpaka kwenye daraja la miti pale korongoni. Tukifika darajani anasema si vizuri nirudi peke yangu, ananirudisha mpaka langoni kwangu. Langoni namwambia sasa yeye ndiye atakayekuwa peke yake, namsindikiza tena. Na kila tukifika darajani mmoja wetu anakumbuka hadithi mpya. Tumeunguza vyakula vingi kwa namna hiyo. Tunaachana pale mvua inaponyesha, au zamani mume wangu alipotoka uani kutuita.

Kwa hiyo nikauchukua ule upande wa pili, nikauchomeka Kuingia. Kwa Kibao yuleyule. Aendaye atoke, na atokaye arudi. Nikajipangusa mikono, nikajiona nimefanya kazi safi, nikabonyeza kibonyezo cha tatu.

Kicheko kikatoka. Kikaingia. Kikatoka tena.

Nikainua kidole. Kinaendelea.

Mwanzoni tulifurahi wote. Fidla walipiga makofi. Kisha nikaona Naelijwa ameweka bakuli chini, amejishika mbavu, na macho yake hayacheki. Kinywa kinacheka, macho yananiuliza. Hapati nafasi ya kuvuta pumzi. Kila anapotaka kuivuta, kicheko kinakuwa kimesharudi mlangoni.

Kioo akachora mstari mweupe, chini yake akaandika PUMZI. Mstari unapungua.

Nikamuuliza ni nini.

"Umemtoa na kumrudisha alikotoka, bibi. Anazunguka. Pumzi ikiisha, kicheko kitabaki humo ndani ya waya, na mwenyewe atabaki huku nje bila hicho."

Nikaukamata waya niung'oe. Kioo akakunja uso, maandishi yake yote yakapinda. Kibao amekataa, akasema, waya haung'olewi mtu akiwa ndani. Kuna njia moja ya haraka, nayo ni hii. Na pembeni yake kikajitokeza kibonyezo chekundu kilichoandikwa NYAMAZENI WOTE. Nikikibonyeza, milango yote kumi na sita itanyamaza hapohapo. Naelijwa atapata pumzi yake. Kicheko chake hakitakuwepo tena, wala hakutakuwa na njia ya kukumbuka kilivyokuwa.

Ngoma zimepanga vichwa pale chumba cha kumi, zinanitazama.

Naelijwa anashika mkono wangu. Anakishika kidole changu cha shahada na kukipeleka kwenye kile chekundu. Huku anacheka. Machozi yanamtoka, na anakisukuma kidole changu kwa nguvu ya mtu aliyechimba mashamba maisha yake yote.

Nikauvuta mkono. Tulivutana, wanawake wawili wazima, kama wasichana wanaogombea kamba. Nilishinda kwa sababu yeye alikuwa amechoka kucheka.

Nikamuuliza Kioo nani anayeweza kukifunga hicho kicheko bila kukiua.

"Aliyekifungua. Kwa mlango uleule, kwa kibonyezo kilekile."

Nikamwambia kidole nimeshakiinua.

"Kidole uliinua," akasema Kioo. "Hukuaga."

Basi nikavua kandambili, maana ndani ya tundu la Kutoka kulikuwa kumedekiwa, nikaingia.

Ndani ya waya ni njia ya kutoka kwangu kwenda kwa Naelijwa. Ni ileile, na migomba yake, na jiwe la kukaa, na mfereji unaovuja. Jua hakuna. Mahali pa jua yupo Kioo, na ule mstari mweupe umetanda juu ya milima, unapungua kutokea upande wa Ugweno. Mbele yangu Naelijwa anatembea, anacheka. Namkimbilia, namshika mkono. Tunatembea.

Tunafika darajani. Anageuka kunirudisha. Nataka kukataa, lakini miguu yangu imeshageuka, imezoea. Tunafika langoni kwangu. Nageuka kumsindikiza. Tunafika darajani. Mkono wake umekuwa mwepesi kama ganda la hindi.

Nikaita juu niombe mvua. Kioo akajibu kwamba kwenye mtambo huu mvua haijawekwa.

Nikaomba basi mtu wa kutuita, yeyote, atoke uani apige kelele kama zamani. Nikaona anapita mlango kwa mlango, yote kumi na sita, na hata ule wa sifuri. Aliporudi akasema kwa upole kwamba aliyekuwa anatuita hayupo kwenye mlango wowote.

Nikajua ni mimi, basi.

Tulipofika tena darajani, mstari juu ya milima ulikuwa umebaki kipande cha kutosha kushona kifungo kimoja. Nikasimama. Maneno niliyotaka kusema sijawahi kumwambia, tangu siku nilipoletwa kama bibi harusi na yeye akaja kunifunua uso aone kama nina meno.

"Wifi, hapa panatosha."

Akatikisa kichwa. Akashika pindo la kanga yangu. Anacheka.

"Leo usinirudishe. Nenda kwako. Na mimi naenda kwangu."

Nikavifungua vidole vyake vilivyoshika kanga, kimoja baada ya kingine. Kioo akanitahadharisha kutoka juu: nikigeuka kumtazama, itahesabiwa nimefungua upya. Nikampa mgongo. Nikaanza kutembea, na nyuma yangu kicheko bado kinaendelea, hatua baada ya hatua, na mimi nasema moyoni, Namkunda, umechelewa.

Kikakoma.

Kikakoma pale kinapokomaga siku zote, na kile kimkia chake cha mwisho cha "hii". Halafu nikasikia pumzi inavutwa, ndefu, kama mtu aliyetoka chini ya maji. Migomba ikatikisika.

Halafu sauti yake, nyororo, ya kawaida kabisa.

"Haya, wifi, nenda salama. Ila nilitaka nikuambie. Mzee Mshighati, Jumapili ile alipovua koti pale mbele, kumbe ndani alikuwa..."

Ee Mungu. Mnajua ilivyo. Kila kiungo changu kilitaka kugeuka. Shingo iligeuka nusu, nikairudisha kwa mkono. Nikaziba masikio, nikakaza mwendo, nikafika langoni, nikafunga lango nyuma yangu kwa komeo, jambo ambalo halijawahi kufanyika.

Nikaamka.

Palikuwa pameshakucha. Nilikaa kitandani nikivuta na kutoa pumzi zangu mwenyewe, kwa kuhakikisha tu. Kisha nikaenda jikoni kuwasha moto. Mezani sikupatazama. Nilikuwa sijafungua mlango wa mbele, sijasemezana na mtu, hata paka sikuwa nimemwita.

Mlango wa uani ukasukumwa bila hodi. Ni Naelijwa. Hajafunga kilemba, hajakamua ng'ombe, na amenuna kama mtu aliyeachwa njiani. Akasimama palepale kizingitini, hakunisalimia.

"...amevaa blauzi ya mkewe," akasema. "Ya maua. Vifungo viko mgongoni."

Akajizuia, akashindwa, akacheka. Mwiko ukanibaki mkononi, nikasikiliza kicheko kikipanda, kikazunguka jiko lote, kikafika kwenye ile "hii" yake ya mwisho, kikakoma chenyewe.